Kuipa Mashine Mgongo

Kabla sijasema neno la kazi, nianze na ng'ombe. Wanaonijua watasema, haya, Mzee Kombo keshaanza. Niachieni, nitafika.

Nilipokuwa kijana, Mapinduzi yameshapita miaka kadhaa, karafuu zikishachumwa kwetu Wambaa, kisiwani Pemba, na vijiji vya jirani watu walikuwa wakicheza mchezo wa ng'ombe. Dume linafungwa kamba ndefu, zumari linalia, kinamama wanaimba, na mchezaji anaingia na kitambaa chake kulichokoza. Mwaka mmoja hodari alikuwa mjomba wangu Faki, mtu mfupi mwenye matege, lakini mbele ya ng'ombe hukamati hata kivuli chake. Alivua viatu vyake vya ngozi, vipya, akanitupia. "Kombo, hivi vikipotea usirudi nyumbani." Wenzake nao wakavua, wakatupa. Nikawa na rundo la viatu vya wanaume wazima, nimekaa nimeupa uwanja mgongo.

Mayowe juu ya mayowe. Dume kafanya hivi, Faki kafanya vile. Mie sikuona kitu. Mpaka leo watu wakisimulia pembe ilivyomchana mjomba shati, na mimi nasimulia, tena natia chumvi, lakini haki ya Mungu nilisikia tu. Mara akasimama mbele yangu bwana mmoja mnene, kofia ya kiua kichwani, kalamu mfukoni.

"Weye kijana, huangalii ng'ombe?"

"Naangalia viatu, mzee."

"Na ng'ombe akikatika kamba akakujia kwa nyuma?"

"Nitakimbia navyo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Jumatatu njoo Chake, ghala la karafuu. Uliza Mkuu wa Ghala, ndiye mimi."

Ndivyo nilivyopata kazi ya ulinzi. Sikusoma mimi. Chuoni kwa maalimu wa Kurani nilifika juzuu amma, skuli nilifika pale wenzangu walipoanza hesabu za kugawa, nikaona mambo yenyewe ndiyo haya, nikaenda zangu shamba.

Siku ya kwanza nilipewa koti la kaki lililovaliwa na mtu aliyenizidi kimo, na kirungu. Nilidhani mlinzi kazi yake kupiga wezi. Mkuu wa Ghala akanishika mkono akanipeleka kwenye magunia. "Wezi wa usiku watakuja mara moja kwa mwaka," akasema. "Wezi wa mchana watakuja leo, na watakuamkia." Akanionyesha chuma chenye ncha na tumbo wazi kama mtaro, kinaitwa bambo. Unakidunga gunia ubavuni, unakivuta, kinakuletea kilichomo ndani. Maana mtu akija kuuza huweka karafuu kavu juu, zinanukia, na katikati amejaza makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo thamani yake ndogo, au mbichi zenye maji zizidishe uzito. "Gunia mdomoni ni muongo," akasema Mkuu wa Ghala. "Muulize tumboni."

Bambo halikuwa kazi yangu, lilikuwa kazi ya mpimaji. Mie nilisimama mlangoni tu. Lakini maneno yale yaliniingia.

Nililinda pale mpaka mvi za kwanza. Mkuu wa Ghala akastaafu, akaja mwengine ambaye hakucheka kamwe, kisha watu wakapunguzwa na mimi nikawamo. Nikahamia Wesha, gatini, kulinda shehena, chini ya Bwana Gati, mtu wa bahari aliyeniita "Bi Harusi" kwa sababu nikiogopa kupanda chomboni. Wesha sina mengi ya kusema. Chumvi ilinila viatu, na samaki nilikula sana.

Uzeeni ndipo nikaingia kampuni ya ulinzi, nikapangiwa lindo la benki hapo Chake, kwenye chumba cha vioo chenye mashine ya kutolea pesa. Msimamizi wa Zamu alikuwa kijana wa makamo, mkali, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni akanigeuza mabega kwa mikono yake.

"Mzee Kombo, sheria ya hapa ni moja. Mtu akiingia, wewe unaipa mashine mgongo. Unatazama barabara. Nyuma yako kuna siri za watu. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, bwana mkubwa. Kazi hii niliianza na viatu."

Hakunielewa, na sikumweleza. Nikaona hii ndiyo kazi niliyoumbiwa.

Sasa nifike kwenye kadi. Pale mjini kuna chuo, na wanafunzi walikuwa wakiletewa benki pesa ya mkopo wa masomo, wao wakiita bumu. Siku ya bumu msitari unafika ng'ambo ya barabara. Na kila siku ya bumu alikuja Bwana Khelef, mwenye duka la simu karibu na soko. Mtu wa ndevu safi, sala ya safu ya mbele, salamu zake ndefu. Alikuwa na bunda la kadi za benki limefungwa mpira, na kila kadi ina kipande cha plasta nyuma chenye namba ya siri. Anaingia, anatoa moja baada ya moja. Wenye kadi wanasimama nje wanamngoja kama kuku wanaongoja mchele, na akitoka huwapa kilichobaki, kama kimebaki, kadi anarudi nazo. Rehani ile.

Mie nimeipa mashine mgongo. Sheria ni moja.

Siku moja ya bumu binti mmoja alibaki amesimama ubavuni kwangu wenzake walipokwisha kwenda. Mwembamba, mtandio wa kijani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi weye?"

"Makangale. Naitwa Riziki."

"Makangale kwa komba na popo! Na umekuja kusomea nini?"

"Ualimu. Babu, mle ndani umesikia pesa zimetoka mara ngapi kwenye kadi yangu? Kanambia hakikubaki kitu."

"Mie nasikia pikipiki za barabarani tu, mwanangu."

Halafu machozi yakamtoka bila ya sauti, na hilo ndilo baya. Nikampa kigoda changu akae. Alidaiwa na chuo kipande cha ada, na asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani wa mwisho. Bumu lililobaki lilikuwa moja tu. Likienda kwa Khelef, miaka yake yote ya chuo imekwenda maji, anarudi Makangale kulima mwani na mama yake.

"Ulikopa nini kwake, hata hakiishi?"

"Sikukopa, babu. Kukopa kwa riba haramu. Nilinunua simu."

"Iko wapi?"

"Nilimuuzia tena."

Ikabidi anieleze taratibu, maana mimi mzito. Ilikuwa harusi ya dada yake, sare imeamuliwa, kitambaa ghali, na mtu wa Pemba hendi harusi ya dada yake bila ya sare, bora asiende kabisa. Khelef akaliweka boksi la simu juu ya meza. "Mie si mtu wa riba, najikinga na moto," akasema. "Nakuuzia simu hii laki tatu, utalipa ukipata bumu. Umeridhika?" Karidhika. "Chukua. Sasa wataka simu au wataka pesa? Kama pesa, mie nainunua kwako laki mbili, taslimu." Akashika laki mbili, anadaiwa laki tatu, na kadi ikabaki dukani amana. Bumu likaja halikutosha, kwa sababu kulikuwa na chakula na vitabu. Basi akauziwa simu tena, ikanunuliwa kwake tena, ili deni la kwanza lilipwe kwa la pili. Na mara ya tatu.

"Simu ile ile?"

"Boksi lile lile, limechanika pembe. Wenzangu wote tumelinunua hilo."

Watoto wa kwengine, nasikia, hukopa wakijua wanakopa. Hawa wetu waliikimbia riba kwa mlango wa mbele wakaikuta imekaa jikoni, tena imevaa kanzu.

Nikamwambia, "Si uingie benki useme kadi imepotea, upewe nyengine?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Nitakuwa nimesema uongo. Na deni ni deni, babu. Nikifa, baba atasimama mbele ya jeneza aulize nani anamdai marehemu, na Bwana Khelef atanyanyua mkono. Mimi nataka kulipa. Ila nataka kujua nalipa nini."

Maneno hayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana nimekutana na watu wakubwa wasioweza kuyasema.

"Hiyo simu umewahi kuishika?"

"Boksi nimelishika."

Nikamsimulia habari ya bambo. Sikumwambia afanye nini. Alifikiri kidogo, akafuta uso kwa mtandio, akasema, "Babu, siku yako ya mapumziko utanisindikiza?"

Tukaenda mchana, duka limejaa wanafunzi. Khelef akanipa salamu ndefu, akaniuliza watoto, wajukuu na mifugo ambayo sina.

"Bwana Khelef," Riziki akasema, "nimekuja kununua simu."

"Mashaallah, karibu mwanangu. Laki tatu, umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Basi mie nainunua..."

"Sikuuzii. Safari hii nataka simu." Na mkono wake ulikuwa umeshalikamata boksi.

"Ngoja, hiyo si... hiyo ya maonyesho! Nitakupa nyengine kesho."

"Si ndiyo niliyoinunua mara tatu?" Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa vizuri kwa kipimo cha boksi, kimefungwa gazeti.

Mwanafunzi mmoja nyuma akasema, "Yakhe, tumenunua sabuni ghali kuliko zote duniani!" Watu wakaangua kicheko. Mwengine akauliza kama ina laini mbili. Mimi nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakacheza. Khelef hakucheka. Alilifunga boksi akalirudisha kabatini. "Mmeridhika wenyewe kwa ndimi zenu. Na kadi ninazo mimi."

Tulitoka tumemcheka, lakini kadi zimebaki. Kicheko hakiingizi mtu kwenye mtihani. Riziki alimwendea sheikh wa msikiti wa Ijumaa, akarudi na jawabu: uuzaji ule hila tupu, haki ya Khelef ni zile laki alizozitoa mkononi mwake, na alishazipata zote isipokuwa kidogo. Khelef aliposomewa jawabu alisema sheikh huyo hajui biashara.

Bumu la mwisho likaingia siku ya joto kali. Msitari mrefu, na Msimamizi wa Zamu alikuja mwenyewe kutuliza watu. Khelef naye kaja, kanzu nyeupe, bunda mkononi. Riziki alikuwa wa tatu au wa nne nyuma yake, kashika mtandio wake wa kijani kwa meno. Nilimwona. Khelef akanipa salamu, akaingia, mlango wa kioo ukajifunga.

Nikageuka.

Sijui nieleze vipi. Maisha yangu yote nimekaa na mgongo kwenye kitu, watu wakipiga mayowe. Nikageuka nikasimama kwenye kioo, nikamtazama. Sikutazama namba, nilimtazama yeye. Alitia kadi ya kwanza, akaniona, kidole kikabaki hewani. Akaitoa. Akatia tena. Akaniona tena. Jasho likamshuka kwenye zile ndevu.

"Mzee Kombo, geuka!" Msimamizi wa Zamu.

"Kadi zile si zake, bwana mkubwa."

"Si kazi yako. Geuka."

"Nikigeuka, namlinda nani?"

Watu wa msitari hawakuwa wakinitazama mimi, walikuwa wakitazama kule ninakotazama. Khelef akafungua mlango atoke, bunda kalifutika ubavuni. Riziki akatoka kwenye msitari akamsimamia mbele, akafungua kiganja.

"Kadi yangu, Bwana Khelef. Kidogo kilichobaki kwenye deni ni haki yako. Natoa kwa mkono wangu, nakupa hapa hapa mbele ya watu."

"Nyuma! Huna haya weye mtoto?"

"Ninayo. Ndiyo maana nataka kukulipa."

Nyuma yake akasogea kijana, kafungua kiganja. Na mwengine. Hakuna aliyemgusa. Viganja tu, vimefunguka, kama watu wanaopokea tende. Khelef alitazama kushoto, akatazama kulia, akauvua mpira. Ya Riziki ndiyo iliyokuwa juu. Binti akaibandua plasta kwa ukucha, akaikunja ikawa kidonge, akaitia mdomoni akaitafuna, akaingia kwenye chumba cha vioo.

"Geuka," akasema Msimamizi wa Zamu, sasa kwa sauti ndogo karibu na sikio langu, "au uvue koti."

Nyuma ya kioo Riziki alikuwa anabonyeza namba zake. Hiyo sasa ilikuwa siri ya mtu. Nikaipa mashine mgongo, kama sheria inavyotaka, mpaka nikasikia pesa zinahesabika na mlango unafunguka. Riziki akamhesabia Khelef kidogo chake mbele ya watu, na zilizobaki za ada akazifunga kwenye ncha ya mtandio. Kisha, maana Khelef mwengine akija nisingeweza kumpa mgongo, nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka juu ya kigoda, kirungu juu yake. Nikavuka barabara, nikapita sokoni, nikashika njia ya Wambaa.