Ngoro ya Majivu ya Mwalimu Hedwiga

Hedwiga alizaliwa Mbaha, ziwani, mahali ambapo mtoto hana haja ya karatasi kwa sababu ufuko wote ni wa kuchorea. Alipoolewa huku kwetu milimani, juu ya Mbinga, alitazama udongo mwekundu unaonata akauliza watoto wa huku huchora wapi. Tulimjibu kwamba watoto wa huku hawachori, wanachunga mbuzi. Siku hizi hawachungi wala hawachori, wanakaa kando ya barabara kutazama magari ya wanunuzi wa kahawa. Lakini hayo ni mengine.

Alianzisha chekechea katika ghala la ushirika. Ushirika wenyewe ulikuwa umekufa na hakuna aliyeupikia hata uji wa matanga. Popo ndio waliobaki kuwa wanachama hai. Kila asubuhi watoto walileta majivu ya jikoni, wakayamwaga juu ya saruji, wakayasawazisha kwa ubao. Hedwiga alichora kuku huku, kifaranga kule, katikati mwewe, mbwa na mashimo. Mtoto alitakiwa kumfikisha kuku kwa kifaranga kwa mstari mmoja, bila kuinua kijiti. Na sheria ilikuwa hii: kwanza jicho lisafiri, kisha kidole kisafiri hewani, ndipo kijiti kiguse majivu. Kijiti chenyewe kishikwe kwa ncha za vidole, si kwa ngumi kama mtu anayeua nyoka.

Wazazi walinung'unika. Mtoto anaondoka mweusi, anarudi kama muhogo uliopakwa unga, na herufi hata moja hajui. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ya mjukuu wangu Kunigunda. Kabla ya chekechea uji wake mwingi uliishia sikioni. Baada ya msimu mmoja wa kuku na vifaranga alikuwa akimtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Hasara ni kwamba alianza kupanga kila kitu. Alikaa mbele ya sahani ya familia, akazungusha kidole hewani polepole huku tukimshangaa, na tulipomaliza kushangaa nyama ilikuwa imekwishia kinywani mwake.

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, akaja Abdulhamid na pikapu yake, mtu mpole mwenye duka mjini, akaliomba ghala. Egidi, mwenyekiti wa kijiji, alimwita Hedwiga mbele yetu sote.

"Mwalimu, kesho nakuja kutazama. Nikikuta watoto wanasoma, mtabaki. Nikikuta wanacheza, ghala ni la kahawa."

"Na sisi twende wapi, mwenyekiti? Mvua zimeanza."

"Ziwani kwenu kuna mchanga mwingi."

Watu walicheka. Hedwiga hakucheka. Nyumbani pa kufundishia palikuwa jikoni tu, na jiko lake lilitosha kuku wawili, tena wakiwa na maelewano.

Kesho yake tulijaa mlangoni. Egidi aliingia na fimbo yake, akakuta watoto wote kimya, kila mmoja kidole juu.

"Naam, wewe wa mbele, uliza swali."

Mtoto hakuuliza. Kidole chake kilikwenda kushoto.

"Basi wewe. Unataka kujisaidia?"

Vidole vyote vikaenda kulia, kisha vikazunguka. Egidi akainama akijifunika kichwa. "Kuna nyigu humu?"

"Wanapanga safari, mwenyekiti," alisema Hedwiga. "Leo tunachora ngoro."

Hapo Egidi akanyooka. Ngoro ni kilimo chetu Wamatengo: unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari inayokatana mlimani, kisha unazifunika udongo, na kila chumba katikati kinabaki shimo la kunywa mvua. Vijana wa leo wanazilaza kama waliotupa mzigo na kukimbia.

"Mtu wa ziwani anifundishe mimi ngoro?" alisema. "Tazameni."

Akageuza fimbo akaanza kuchora kuanzia mlangoni, akirudi nyuma, mistari imenyooka kama ya babu zetu. Watoto walimfuata kwa kuruka kutoka shimo hadi shimo, wakipanga maharage waliyokuja nayo juu ya mistari, ndiyo matuta yenyewe. Nakiri nilikaribia kulia; sikuwa nimeona ngoro ya namna ile tangu watu waache kulimiana kwa pombe na urafiki. Egidi alichora mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa pembeni. Alichora hata pale mguu ungepita. Watoto waliruka kando kama panzi. Tumbo la Egidi haliruki.

Na kwetu mtu mzima hakanyagi tuta lililopandwa. Akilikanyaga, wanawake watamwimba hadi mavuno.

"Babu," Kunigunda alimwambia mwenyekiti, "jicho halikusafiri."

Wakati huohuo Abdulhamid akafika na wapagazi, magunia mabegani. "Mwenyekiti, tuweke wapi?" Mpagazi wa kwanza akainua mguu.

"Usikanyage," alinguruma Egidi kutoka pembeni. "Huoni pamepandwa?"

Mke wangu Serafina akasema taratibu, "Mwenyekiti mwenyewe kasema pamepandwa. Basi aliyepanda asiondolewe mpaka avune."

Hiyo ndiyo sheria yetu ya mashamba, na Egidi ameitumia kuamua kesi nyingi.

"Shamba la mtu mimi siingii," alisema Abdulhamid, akageuza magunia yake kuyapeleka barazani kwa muuza nyama.

Ilibaki kumtoa Egidi. Palikuwa na dirisha moja tu karibu naye, lile dogo ambalo karani wa ushirika alikuwa akilitumia kulipa wakulima. Abdulhamid alivuta kwa nje, na watoto walielekeza kutoka mashimoni, vidole hewani.

"Mguu kwanza, babu."

"Nimeutoa."

"Sasa bega. Tumbo lisubiri."

Hedwiga alifundisha mle ghalani miaka mingi. Kila msimu wa kahawa Abdulhamid alipita na pikapu, akapunguza mwendo, akamuuliza kama maharage yameota.

"Bado, kaka," alijibu, akinyunyiza majivu mapya juu ya saruji.