Divai ya Shamba Letu Wenyewe

Mananasi yale niliyanunua sokoni. Haya, nimesema. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliapa kwamba niliyakata shambani kwetu, njia ya Masako, na niliapa kwa ufasaha, maana nilikuwa nimesoma chuo kikuu, na huko humfundisha mtu kusema uongo kwa sentensi ndefu.

Yote yalianzia kwenye chupa. Babu yangu alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja mwenye mashamba ya kahawa. Uhuru ulipofika, bwana huyo aliondoka kwa haraka hata akasahau miwani yake. Babu hakuitaka miwani. Alibeba makasha ya chupa tupu za divai, na hatimaye yakamfikia mama yangu, ambaye alikuwa akitengeneza divai ya nanasi. Mama aliziosha chupa zile kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga, ili karatasi zilizobandikwa zisilowe. Juu ya kila karatasi kulikuwa na maneno *mis en bouteille au domaine*.

"Wanasema nini hapa?" aliniuliza nilipoingia mwaka wa kwanza chuoni.

Nilimweleza kwa mapana kuliko alivyoniuliza. Maana yake, nilisema, aliyetengeneza divai hii alipanda zabibu kwenye ardhi yake, akazivuna, akazikamua, akaacha divai ichache palepale na kuijaza kwenye chupa palepale. Akichukua hata kikapu kimoja cha jirani, haruhusiwi kuandika hivyo.

"Alors, njo mimi huyo," akasema Mama, yaani basi, huyo ndiye yeye.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Hakuna nanasi la mtu mwingine kuingia katika pipa letu. Hata majani ya juu ya nanasi hayakutupwa. Mama aliyakusanya na kuyarudisha shambani kuyapanda, na baada ya miaka miwili nanasi lilikuwa mjukuu wa lile tulilokunywa. Tonton, mdogo wake Mama, alipenda kumchokoza.

"Na sukari, dada? Sukari ulipanda wapi?"

"Sukari iko mugeni," Mama alimjibu. "Mugeni anapita tu, hatumuandike kwa familia."

Kisha ikaja rebelioni, vita vya waasi, na katikati yake dada yangu akaamua kuolewa. Mapenzi hayasikilizi redio. Divai ya arusi ilipaswa kuanza wiki ileile, na Mama akanituma Masako nikakate mananasi ishirini. Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, nyuma ya mwanamume mwenye mapaja ya chuma. Nje kidogo ya mji akafunga breki. Mbele yetu mti ulikuwa umelazwa barabarani, na kando yake walikaa watu wenye bunduki.

"Mademoiselle," alisema bila kugeuka, "mimi niko na bibi na watoto. Weye uko na nini?"

Nilikuwa na mtihani wa sosholojia Jumatatu. Tukarudi.

Sokoni nilichagua mananasi ishirini mazuri. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo huniwasha masikio: nilichota udongo nyuma ya kituo cha baiskeli, nikayapaka mananasi yote, moja baada ya jingine, ili yaonekane yametoka shambani. Mama aliyapokea, akayatazama, akanitazama mimi, akasema asante.

Arusi ilifana. Tulicheza hadi majirani waliokuja kulalamika wakavua viatu. Tonton alikunywa bilauri ya nne, akafumba macho. "Hapa," akatangaza, "mutu anasikia udongo wa Masako!" Nikapiga makofi kuliko wote.

Wiki mbili baadaye alinivuta kando. "Mutoto, walikuona sokoni na nanasi."

"Ni mtu anayefanana nami, Tonton."

Kila arusi na kila matanga aliniuliza tena, na kila mara nilimpa yule mtu anayefanana nami sifa mpya. Mwishowe alikuwa na pacha.

Mwezi uliopita karatasi ya mwisho ya Mbelgiji ilibanduka. Mama, ambaye sasa anaishi shambani kabisa, alinitumia ujumbe huku mjini, Makiso: niandike maneno mapya, kwa Kiswahili, kwamba divai hii ni ya shamba letu tangu mwanzo, bila kukatika. Nimeandika makala nyingi juu ya mambo nisiyoyajua, bila aibu. Mstari huu mmoja ulinishinda siku tatu. Siku ya nne nikampigia.

"Sema mbio," akasema Mama, "niko juu ya kichuguu, huku chini réseau ya simu haifike."

"Mama, zile nanasi za arusi ya dada. Nilizinunua sokoni."

Nikasikia upepo, kisha kicheko.

"Njo unasema leo? Nilijua siku ileile. Nanasi ya kwetu ilikuwa na majani ya meno. Mutu akikata makumi mbili, mikono inakuwa kama alipigana na paka. Mikono ya kwako ilikuwa laini kama ya mukubwa wa ofisi."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Ulipoondoka tu, wakaniambia njia imefungwa. Nilikuwa naomba Mungu usifike. Ukarudi muzima, na nanasi zenye kupakwa matope kama mutoto wa shule. Niseme nini?"

Nikasema asante, kwa sentensi fupi.

"Na ile majani ya juu nilipanda kwanza nyuma ya nyumba, nikaileta huku vita ilipoisha," akaendelea. "Ya zamani yote ilikufa kwa rebelioni, hakuna mutu wa kupalilia. Hii ya leo, yenye majani laini, iko watoto wa ile ya soko. Imezaliwa hapa, tunakamua hapa, inaingia mu chupa hapa. Andika."

"Niandike kwamba ni ya shamba letu?"

"Andika. Lakini 'tangu mwanzo', toa. Na ukimaliza, pigia tonton yako, umuambie alisikia muzuri. Miaka yote mimi namuambia masikio yake iko mugonjwa."