Kioo cha taa mgongoni

Bisheni mukitaka: mimi, bingwa wa pikipiki wa njia ya Kabambare, nilibeba kioo cha taa ya gari la zamani mgongoni, kwa kitenge. Mama mmoja mjane, wa mji wa Kasongo, alikuwa anakituma kwa fundi anayefufua gari la marehemu bwana wake.

"Katoni itakipasua, mwanangu. Kibebe kama mutoto."

Njiani wamama wakanicheka: "Papa, mutoto iko analala?"

"Analala, mama."

Fundi alikifungua, akakifuta kwa kiganja. Hakikuwa na ufa.

Ila sijawaambia yote. Vioo vilikuwa viwili. Nilionea haya kubeba mapacha, kingine nikakitia katoni. Kilifika vipande. Mama bado ananiuliza kama taa zote mbili zinawaka, nami namjibu ndiyo.