Koti la Kwenda Makutupora

Niliagwa kwa heshima zote za mtu anayevuka bahari, kisha nikaenda Makutupora. Kwa asiyepajua, ni hapo nje kidogo ya Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Ukisahau chaja ya simu nyumbani unarudi kuichukua na bado unawahi chakula cha mchana.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenye feloshipu ya wataalamu chipukizi wa sera, ya kuimarisha uhusiano kati ya nchi yetu na nchi rafiki. Nchi yenyewe siitaji, isije ikaacha kuwa rafiki. Hilo neno chipukizi lilinichekesha tangu mwanzo, maana chipukizi niliowazoea ni wale watoto wanaowavisha viongozi skafu uwanjani. Mimi nilikuwa na mvi mbili tatu na goti linalolalamika nikipanda ngazi za wizarani. Lakini masharti yalisema uchipukizi unakoma ukitimiza miaka thelathini na mitano, nami nilikuwa naitimiza mwaka uleule. Nisipokwenda safari ile, basi tena.

Mama alifurahi kupita kiasi. Anaishi Kikuyu, mimi nimepanga Nkuhungu, na kwa miaka mingi kina mama wenzake wa kwaya walikuwa wakimuuliza maswali ya upole yenye miiba. Binti bado yuko kwenye semina? Na mchumba je, au naye yuko semina? Mwenyekiti wao ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Mwanamke yule angeweza kukuuliza habari za asubuhi, ukarudi nyumbani unajichunguza umekosea wapi. Sasa mama alikuwa amepata jibu la kuwapa. Akakodi turubai na viti, akapika pilau, akaita kwaya nzima. Nilivishwa vitenge mpaka nikashindwa kugeuza shingo. Mwisho mwenyekiti akasimama na zawadi ya kwaya: koti zito la mtumba, la kijivu, lenye vifungo vikubwa. Akanivalisha kwa mikono yake kwenye jua lile la saa nane.

"Huko kuna baridi, mwanangu," akasema. "Usije ukatuletea mafua ya ughaibuni."

Mama alilia. Mimi nilitoka jasho.

Wiki iliyofuata mkurugenzi wetu aliniita ofisini, akaniambia kuna mabadiliko madogo. Mabadiliko madogo yalikuwa kwamba siendi. Feloshipu imegawanywa awamu mbili. Ya kwanza itafanyika Makutupora, kwa wakulima wa zabibu, miezi mitatu, pamoja na chipukizi mwenzangu atakayeletwa na nchi rafiki. Ya pili, ile ya kupanda ndege, viongozi watatangulia kuweka mazingira wezeshi.

"Na sisi tutafuata lini, mkurugenzi?"

"Mazingira yakishawezeshwa."

Akaenda yeye, mtu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alitutumia picha kwenye kundi la WhatsApp la idara, kasimama mbele ya sanamu ya farasi, kajifunga skafu mpaka masikioni. Angalau chipukizi wetu alikuwa na skafu. Nilichukia, sifichi. Nilichukia mpaka ugali ukawa haushuki.

Nikaenda Kikuyu kumweleza mama. Nilidhani atalia tena. Aliendelea kuchambua mlenda wake, halafu akauliza, "Umeagwa, hujaagwa?"

"Nimeagwa, mama."

"Basi mtu aliyeagwa haonekani sokoni. Nenda huko Makutupora, utulie mpaka muda uishe. Wakiniuliza, uko ughaibuni. Sichekwi mimi na yule mwanamke."

Nikafungasha, koti likiwemo. Ulikuwa msimu wa upepo, na upepo wa Dodoma alfajiri hauna mzaha, kwa hiyo koti lilipata kazi yake. Chipukizi mwenzangu alikuwa kijana mwema, kaiva kwa jua, mwenye swali moja. Kila asubuhi aliwasalimu vibarua kwa Kigogo, "Mbukwenyi," salamu ya watu wengi, hata akikutana na mtu mmoja. Kisha anauliza changamoto zao ni zipi. Wanajibu maji. Kesho yake anauliza tena, labda usiku kulipita mto. Siku moja nilimuuliza kwao aliagwa na nani. Akasema aliita teksi. Nilimhurumia kwa dhati, na nadhani ndiyo siku pekee uhusiano wa nchi zetu ulipoimarika.

Mama alinipigia kila Jumapili akitoka kanisani, kwa sauti ya chini, utadhani simu ya magendo. "Leo wamekuulizia. Nimewaambia theluji imepungua."

Zabibu zilipoanza kukatwa, wanunuzi wakaanza kuja. Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa chini ya mizabibu, koti mwilini, mikono imejaa utomvu na vumbi, nikaona viatu vya kanisani vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Mwenyekiti wa kwaya, na ndoo yake ya zabibu.

Nikasema shikamoo. Ningesema nini kingine?

"Marahaba." Alinitazama kuanzia kwenye kola mpaka kwenye pindo. Akanyoosha mkono, akagusa kifungo kilichokuwa kinaning'inia. "Hiki kitaanguka. Kishone." Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Nikajua mama yangu kwisha. Nilishika simu nimpigie nimwandae, nikashindwa. Jumapili ikafika, naye akapiga kama kawaida.

"Leo mwenyekiti amekuombea mbele ya kanisa zima," akasema, na sauti yake ilikuwa na raha. "Urudi salama."

Sikujua kama ni sala au ni kisu kinanolewa.

Muda ulipoisha mama akaandaa mapokezi. Turubai lilelile, kwaya ileile. Akanilazimisha nivae koti, maana mtu hatoki kwenye theluji na kitenge. Niliketi pale mbele nikimtazama mwenyekiti tu. Alipoinuka, nikavuta kola ya koti juu.

"Pole na safari, mwanangu."

"Asante, mama."

"Baridi ya huko vipi?"

Mama yangu akanitangulia kujibu. "Kali. We acha tu."

"Tulijua," mwenyekiti akasema. Akaja mpaka nilipoketi, akashika kile kifungo, akakivuta kidogo. Nilikuwa nimekishona. Akawageukia wenzake. "Mnaona? Huko wana uzi imara."

Hakuna aliyecheka. Nikawatazama kina mama wale mmoja mmoja, na kila mmoja aliinamia sahani yake. Walikuwa wanajua wote. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hajui kwamba wanajua. Alikuwa anamchagulia mwenyekiti mnofu mzuri wa pilau, kichwa juu, kama mtu ambaye hajawahi kuchekwa.

Nikaanza kulia palepale, na kina mama wakaambiana kwamba mtu akikaa sana mbali huwa hivyo.