Kisigino Changu na Nyonga ya Baba

Kwanza naomba mnisamehe mwandiko. Shule niliiachia darasa la nane, na mkono wangu umezoea kitambaa cha kuoshea magari kuliko kalamu. Herufi zinalala upande, na kuna maneno ambayo najua nitayakosea hata nikijaribu vipi. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanichukua jioni mbili. Lakini ninachotaka kuandika ni habari ya ngozi, na ngozi naijua kidogo.

Tunaishi Kayole, orofa ya tatu, vyumba viwili, mimi na mama. Tulikuwa watatu. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na kwa miaka mingi alikuwa akienda na kurudi kwa miguu kupitia Jogoo Road, na viatu vizito vya kazi. Siku moja akaanguka pale langoni kabla hajaingia. Kiharusi kilichukua upande wake wa kushoto wote. Maneno yalirudi baada ya miezi, ya polepole kama yangu. Mkono na mguu havikurudi.

Siku ya kumtoa hospitali, muuguzi alituita kando, mimi na mama. Alisema mtu wa kulala hivi hauawi sana na ugonjwa wenyewe, anauawa na vidonda vya kitandani, na kidonda kinataka vitu viwili tu, unyevu na kusuguana. Tumgeuze kila baada ya saa mbili, tumkaushe, tumpake poda, na shuka isiwe na kunjo. Zaidi sana tuangalie upande uliokufa, kwa sababu hapo hatasikia maumivu ya kumwamsha. Alituonyesha mfupa wa nyonga na kusema, "Hapa. Hapa pakifunguka, mtalia."

Tangu siku hiyo kazi ya nyumba yetu ikawa hiyo, kulinda ngozi ya baba. Mwaka mzima na zaidi haikufunguka hata mahali pamoja. Mama ndiye aliyemwosha. Mimi nilimgeuza tu, akiwa amefunikwa leso ya mama, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa baba yake. Hata nilipokuwa nikimgeuza, alikuwa akitazama ukuta mpaka nimalize, na mimi nilitazama ukuta huohuo.

Mbio nilizianza kwa sababu ni kitu ambacho mtu anaweza kufanya bila kuongea. Mimi ni mtu wa haya. Kazini, pale tunapoosha magari karibu na Spine Road, naweza kumaliza siku nzima nimesema maneno kumi. Alfajiri nilikuwa nikishuka mpaka Kangundo Road, naenda kama naelekea Njiru, narudi, napanda kumgeuza baba, halafu kazini. Mteja mmoja aliyenipita mara nyingi barabarani akaniuliza kama nimewahi kukimbia marathoni. Nikatikisa kichwa. Akanilipia ya jijini, ile ya kilomita arobaini na mbili, akaniambia nina miezi minne.

Nilipomwambia baba, hakusema kitu juu ya mbio. Alisema, "Nionyeshe miguu."

Nilikuwa na lengelenge kwenye kisigino na lingine katikati ya vidole, na mapaja yalikuwa yamechubuka hadi natembea nimeyapanua. Baba aliushika mguu wangu kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, akapitisha kidole gumba polepole kutoka kisigino mpaka vidoleni.

"Hii ni ngozi ya mtoto mchanga," alisema. "Unashinda ndani ya maji kutwa, halafu unaenda kukimbia nayo ikiwa laini. Lazima ikauke kwanza."

Kuanzia hapo ikawa kila jioni nakaa upande wa miguu wa kitanda chake, naweka mguu mmoja juu ya blanketi, halafu wa pili. Alinifundisha yote aliyojifunza kwenye ile barabara ya kwenda kiwandani. Nikitoka kazini nivue gambuti, vile viatu vya mpira vya kuoshea magari, nikaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, nipake poda, nikae peku hadi usiku. Kucha nizikate fupi na moja kwa moja. Soksi nizivae ndani nje, ili mshono usiguse vidole. Nichukue kipande cha sabuni kavu nisugue ndani ya soksi pale kisigino kinapokaa. Mapajani na kwapani nijipake mafuta yale ya kukamulia ng'ombe, na kifuani nibandike plasta, kwa sababu fulana ikilowa jasho inakwaruza chuchu mpaka damu. Na nisivae kitu chochote kipya siku ya kwenda mbali.

"Kipya kivae kwanza hapa ndani," alisema. "Kivae ukipika. Kivae ukinigeuza."

Wenzangu kazini waliona mafuta kwenye mapaja yangu wakati wa kubadilisha nguo, na ikawa wimbo. "Niaje champion, leo unakimbia ama unakaangwa?" Mwingine alikuwa akinusa hewa na kuuliza chapati zitakuwa tayari saa ngapi. Nilicheka nao. Nilipomsimulia baba alicheka kwa nusu ya uso wake hadi akakohoa, na mama akaja kuona kuna nini.

Chini ya ngazi za jengo letu kuna mzee fundi viatu, mtu wa Murang'a, rika la baba. Viatu vyangu vya mbio nilivitoa kwenye mitumba ya soko la Gikomba na vilikuwa na mshono uliokuwa ukiuma nyuma ya kisigino. Aliugonga kwa nyundo mpaka ukalala, bila mimi kumwomba. Alikuwa amenitazama tu ninavyoshuka ngazi.

Wiki tano kabla ya marathoni, dada yake mama alifariki huko Butere. Mama alienda mazishi na akaniachia baba kwa siku sita. Alipanga na yule fundi viatu awe anapanda asubuhi na jioni kumwosha, kwa kuwa baba hangekubali mimi. Kumgeuza ikabaki kazi yangu, na mwenye gereji ya kuoshea magari aliniruhusu niwe narudi nyumbani mara kwa mara. Siku nne zilipita vizuri.

Jumapili ilikuwa siku yangu ya kukimbia mbali, kilomita thelathini, mpaka Ruai na kurudi. Nilitaka kuiacha. Baba alikataa. Tukapanga kwamba nimgeuze saa kumi na mbili kasoro, fundi amwoshe na kumgeuza saa moja na nusu kabla hajaenda kanisani, na mimi niwe nimefika saa tatu na nusu. Hesabu ilikuwa sawa.

Jumamosi tuliosha malori mpaka giza. Gambuti langu moja lilikuwa limepasuka, na miguu ilikuwa imekunjamana kama imechemshwa. Nilifika nimechoka, baba amesinzia, na kwa mara ya kwanza sikumwonyesha miguu. Tena kulikuwa na soksi. Yule mteja alikuwa ameniletea soksi mpya za wakimbiaji, nyeupe, nzito, na sijawahi kuwa na soksi kama hizo. Asubuhi nilizivaa. Nilizivaa kwenye giza la chumba, nikamgeuza baba nikiwa nazo, na sikuwasha taa ili asizione.

Nilianza kusikia joto kwenye kisigino nikiwa nimepita Njiru. Nilijua ni nini. Baba alikuwa ameniambia joto likianza nisimame papo hapo, nivue, nikaushe, nipake mafuta. Nikaona aibu kukaa chini pembeni mwa barabara na watu wanaenda kanisani wamevaa vizuri. Nikaendelea. Karibu na Ruai lengelenge lilipasuka, na nilipovua soksi ngozi ya kisigino ilitoka nayo.

Sikuwa na nauli. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa sababu mfukoni ilikuwa inanichubua nyonga. Nilianza kutembea, kiatu kimoja mkononi. Kwenye kituo kimoja cha mafuta mwanamume aliyekuwa akijaza upepo kwenye gurudumu alinitazama mguu na kuniuliza, "Kijana, uko sawa? Unataka usaidizi?"

Nikamwambia niko sawa.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Alikuwa na gari. Alikuwa na simu. Ningeweza kusema baba yangu amelala peke yake Kayole na hawezi kujigeuza. Ni maneno machache, hata mimi ningeyaweza. Niliona haya kwa sababu ya mguu mchafu na mafuta yaliyokuwa yanang'aa mapajani, nikasema niko sawa, nikapita.

Nilifika saa saba kasoro robo. Fundi alikuwa bado kanisani. Alikuwa amemlaza baba upande wa kushoto, kwa sababu baba mwenyewe alimwomba amlaze akitazama mlango, ili nikiingia anione. Fundi hakukosea. Alijua narudi saa tatu na nusu. Baba alikuwa amelala juu ya upande wake uliokufa zaidi ya saa tano, na shuka ilikuwa imelowa.

Nilisimama mlangoni. Baba alinitazama kutoka uso mpaka chini.

"Nionyeshe miguu," alisema.

"Baba, wacha nikugeuze kwanza."

"Miguu kwanza."

Nikakaa, nikauinua. Aliushika kwa mkono wake mzima na hakugusa mahali palipo wazi. Aliuliza ni soksi gani, nikamwambia. Akasema nioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nipake mafuta, nifunge kwa kitambaa safi. Halafu akasema, "Sasa nigeuze."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwita. Nilitoa leso. Baba hakutazama ukuta siku hiyo, alifumba macho tu. Nilimwosha baba yangu kwa mara ya kwanza, mgongo, mapaja, kila mahali, na nilipofika kwenye nyonga nikaona. Palikuwa pekundu, upana wa kiganja, na katikati ngozi ilikuwa imeinuka na kupasuka, nyembamba, imelowa. Ilifanana kabisa na kisigino changu.

"Kukoje?" aliuliza.

Nilikausha pembeni mwake kwa kitambaa.

"Ni lengelenge tu," akasema. "Hata sisikii."

Mama aliporudi na kuona, alipiga magoti kando ya kitanda na kuuliza ilikuwaje. Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia. Alimwambia kwamba Jumapili alikuwa na usingizi mzito, kijana akataka kumgeuza na yeye akakataa, akamfukuza akalale. Mama alimgombeza kama anavyogombezwa mtoto, kwa nini unakuwa mkaidi, unajua unachocheza nacho wewe? Baba akasema amekosa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimevaa soksi ili mama asione kisigino.

Kidonda changu kilipona kwa siku tisa. Baba alikuwa akikikagua kila jioni, mama akiwa chumba cha pili, na kufurahi jinsi kinavyokauka. Chake hakikukauka. Tulisafisha kwa maji ya chumvi, tukampeleka kliniki mara tatu, wakakata ngozi iliyokufa, wakatupa dawa. Kilienda ndani. Homa ilipoanza tulimrudisha hospitali. Jioni yake ya mwisho ya kuongea aliniuliza kama nimekata kucha. Alifariki siku kumi kabla ya marathoni, na tukamzika nyumbani kijijini.

Wazee walioosha mwili walitoka nje wakimwambia mama kwamba alimtunza mumewe vizuri sana, isipokuwa ile nyonga. Mama akajibu, "Ni ukaidi wake mwenyewe." Nilikuwa nimebeba kiti. Nikaendelea kubeba kiti.

Nilikimbia kwa sababu mama alisema baba angetaka. Asubuhi hiyo nilifanya yote. Nilikausha katikati ya vidole, nikapaka poda, nikasugua sabuni kwenye soksi zangu za zamani, nikazivaa ndani nje. Mafuta mapajani na kwapani, plasta kifuani. Nilikimbia polepole, mguu baada ya mguu, na kila nilipohisi joto kidogo nilisimama mbele ya watu wote, nikakaa chini, nikavua, nikapaka, nikavaa. Nilifanya hivyo mara tatu. Hakuna aliyenicheka. Hakuna hata aliyenitazama sana.

Mama alikuwa akiningoja nilipomaliza. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara pale mjini, na yeye mwenyewe akanivua viatu, akaushika mguu wa kwanza, kisha wa pili, akautazama kama baba alivyokuwa akiutazama. Hapakuwa na kitu. Hakuna lengelenge, hakuna mchubuko, hata wekundu. Miguu yote ilikuwa mizima.

"Ona," alisema. "Baba yako angefurahi. Yeye ndiye aliyekataa kusikia, lakini wewe ulisikia."

Hapo ndipo nilipolia, na yeye akadhani nalia kwa ajili ya baba. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ameshika kisigino changu mkononi, na kovu bado liko hapo ukilitazama vizuri. Nikavaa viatu, tukarudi Kayole.

Bado anasema hivyo kwa majirani, kwamba mume wake aliuawa na ukaidi. Jana tu amemwambia fundi viatu, na fundi akanitazama mimi kidogo, kisha akarudi kwenye kiatu alichokuwa akishona. Nadhani anajua. Yeye ndiye aliyemgeuza saa moja na nusu.

Ninayeandika haya ni mtu asiyejua kuanza. Nikishamaliza, nataka kumsomea mama karatasi hizi, kwa kuwa kusoma nadhani nitaweza. Lakini naogopa sentensi ya kwanza, ile ya kabla ya kufungua karatasi. Kama wewe unayesoma umewahi kubebewa kosa na mtu ambaye sasa amekufa, na ukaweza kulirudisha kwako, tafadhali niandikie ulimwambiaje yule aliyebaki. Hata mistari miwili inatosha. Mwandiko mbaya haunisumbui.