Simu Iliyokataa Kidole Changu

Simu yangu ya Android ni ya bei mbaya, na sioni haya kuisifu. Nikiwa uani kwa mama, Nkoaranga, kamera yake inavuta kilele cha Meru mpaka naona mawe.

Jumapili moja nilimenya ndizi za supu ya mtori bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukagandia vidole. Nikataka kumwonyesha mama picha za mlima. Simu ikakataa kidole gumba changu mara tatu, na namba ya siri ikanitoka kichwani. Nikafoka: simu ya bei hii!

Mama akacheka, akanisogezea beseni la ndizi zilizobaki.

“Hiyo simu ina akili, mwanangu. Imejua hujamaliza kazi.”