Njugu za Kindi

Juzi kindi wa kijivu alipanda juu ya pipa langu la taka hapa Barking, mashariki mwa London, akanikazia macho, na moyo ukanidunda kama zamani.

Nilipokuwa mdogo, mwenzake Baba kazini alitualika shambani, nje ya London, ambako klabu yake ya uwindaji ilikuwa ikishindana kupiga kindi. Mimi nilidhani tunakwenda kuwalisha, nikajaza njugu mfukoni. Tulipofika palinuka majani mabichi na baruti. Bunduki zililia mitini, kisha wanaume wakaja kuwalaza kindi kwenye nyasi, mikia yote upande mmoja, wapate kuhesabiwa.

"Wamekosa nini?" nilimuuliza yule bwana aliyetualika.

"Hawa si wa hapa," alinijibu kwa upole. "Wametoka ng'ambo, wakazaana, wakawamaliza wenyeji."

Njugu nilizozishika mfukoni zikaloa jasho. Sisi tulitoka Pemba, na Mama, tuliyemwacha nyumbani Barking, alikuwa mjamzito tena.

Bwana yule akainama, bunduki kwapani. "Na wewe, binti, kwenu wapi?"

Jibu hilo Baba alinifundisha tangu naanza kusema: kwetu Pemba. Nikikosea, alinisahihisha palepale, hata mbele ya wageni.

"Barking," nilisema.

Bwana akacheka. Nikamtazama Baba, nikingoja anisahihishe. Aliniwekea mkono kichwani, akanivuta karibu yake.

Sasa najua yule bwana alikuwa akizungumzia kindi tu. Lakini siku ile Baba hakunisahihisha.